Kivuli cha Saa Nne

Jumapili, 1 Julai 1984

Katika wilaya nzima ya Same, kuanzia huku mlimani mpaka chini kwenye mkonge, hajazaliwa mtu mwenye bahati kama mimi Sifael. Siandiki kwa majivuno, natoa taarifa. Wenzangu walioishia darasa la tano wanajua njia ya kwenda mtoni na ya kurudi. Darasa la tano langu limenifikisha Hamburg. Nilishuka Tanga kutafuta kazi, nikasimama bandarini mikono mfukoni, na nahodha mmoja Mgiriki akaninyooshea kidole kati ya watu mia mbili: wewe, panda. Miaka sita melini. Nimeona nchi ambako Desemba jua linazama saa kumi alasiri kama kibarua aliyechoka, na Juni saa tatu usiku bado linazurura. Siku ya kuagana nahodha akavua saa yake akanifunga mkononi. Akasema haijawahi kusimama na haitasimama.

Kwa sababu hiyo kamati ya maji imenipa ulinzi wa ndiva. Ndiva ni bwawa letu la mawe na udongo, walilijenga babu zetu juu ya mashamba. Usiku kijito kinalijaza, asubuhi mlinzi anazibua, maji yanashuka kwa mfereji na kila mtu anamwagilia kwa zamu yake. Zamu inataka saa. Redio zote za kijiji chetu cha Suji zimenyamaza, betri hakuna tangu Pasaka. Saa ya shule ilikufa mwaka jana, kengele wanagonga kwa kukadiria. Imebaki saa moja tu mlima mzima, na mwenye nayo ni nani?

Daftari hili amenipa Mwalimu Yudith wa darasa la watu wazima. Amesema kila mwanafunzi aandike msimu wake mpaka mavuno, kisha atasoma yeye. Mwalimu, utafaidi.

Jumanne, 3 Julai

Upande wetu wa mfereji una maji Jumanne na Ijumaa. Saa mbili asubuhi nazibua, zamu ya Nathanaeli. Saa nne anafunga, anapokea Mama Veneranda. Saa sita anapokea Mzee Eliamini, mwenyekiti wa kamati, anakaa nayo mpaka bwawa liishe.

Nimechomeka fimbo yangu wima kando ya mlango wa ndiva. Nilipotangaza saa nne nikaweka jiwe pale kilipoishia kivuli, kati ya kusini na magharibi. Nilipotangaza saa sita nikaweka la pili, kusini kabisa. Nathanaeli akauliza mawe ya nini.

"Ya kuonyesha kwamba hata jua linafuata saa yangu," nikamwambia.

Akanitazama, akatema mate pembeni, akarudi kwenye jembe lake. Yule bwana ana roho ngumu. Shamba lake ndilo la kwanza kwenye mfereji, basi anatembea kama aliyeyaumba maji.

Ijumaa, 6 Julai

Maji sawa. Chai bila sukari, siku ya kumi na tisa.

Jumanne, 10 Julai

Watu wameanza kuniita Nahodha. Sikuwaomba.

Jumanne, 17 Julai

Saa imesimama. Saa nne kasoro dakika tano, palepale mkononi mwangu. Nimeitikisa, nimeipuliza, nimeibembeleza kama mgonjwa. Kimya. Wakati huohuo Mama Veneranda anapandisha kijinjia na jembe begani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nahodha, saa ngapi?"

Nikauinua mkono, nikautazama kwa heshima zote, huku jicho moja likichungulia chini. Kivuli cha fimbo kilikuwa kinagusa jiwe.

"Saa nne kamili, mama."

Akaenda kufungua maji yake. Hakuna aliyejua. Ukurasa huu nitauchana kabla ya kurudisha daftari.

Jumatatu, 23 Julai

Nimeshuka Same. Maduka yana rafu safi kabisa, unaweza kulala juu yake. Foleni ya sabuni ilizunguka jengo ikakutana na mkia wake. Fundi saa ni Isihaka, anakaa barazani pa duka lililofungwa na meza yake ya vioo. Akaifungua saa, akaitazama muda mrefu mno.

"Kaka, spring imekatika. Na kabla yangu wamepita mafundi watatu humu."

"Hao ni mafundi wa Ugiriki."

"Wagiriki wanagandisha kwa ulimbo wa kunasia ndege?"

Nikamwambia dunia ni pana. Akacheka, akanirudishia. Spring hakuna Same, hakuna Moshi. Amesikia serikali imeruhusu wenye pesa zao nje kuleta bidhaa, mitumba, vipuri, hata saa. "Rudi mwezi wa kumi na mbili," akasema, "pengine na mimi nitakuwa na kitu cha kutengeneza."

Nimepanda mlima nikijiambia: hasara ipo wapi? Fimbo ipo, mawe yapo, jua halihitaji spring. Saa itabaki mkononi kwa ajili ya heshima. Huu nao nitauchana.

Jumanne, 7 Agosti

Mama Veneranda amepanda maharage. Naandika kwa urefu kwa sababu leo alinikalisha.

Ni mjane, watoto wake wako mbali. Mwaka jana mvua ilikosekana na shamba lake likakauka lote. Sheria ya ndiva ni ya zamani: shamba likishindwa misimu miwili mfululizo, zamu yake ya maji hupewa mtu mwingine. Bila zamu, shamba huku mlimani ni mahali pa kuanika nguo. Kaka yake wa Maore, kule chini bondeni, ameshamwambia amemtengea chumba.

"Maore kuna joto, na mke wake ananihesabia maharage sahanini," akasema. Akanionyesha kibuyu kitupu. "Mbegu yote iko ardhini, Sifael. Sikubakiza ya kupika. Mimi nitapalilia, nitafukuza ndege, hayo ni yangu. Ya kwako ni saa mbili zangu za maji, usinipunguzie."

"Mama, saa hii ilivuka bahari tatu," nikasema. "Itakosea kuvuka matuta yako?"

Akanipiga begani akicheka. Nilijisikia mtu.

Jumanne, 14 Agosti

Mama Veneranda anasema maji yamefika tuta la nne, yanapaswa kufika la sita. Nikamwambia ardhi ina kiu. Akasema ardhi ya jana ndiyo ya leo. Nimemwonyesha saa kwa mbali.

Ijumaa, 17 Agosti

Mawingu. Nimekadiria.

Ijumaa, 24 Agosti

Maji sawa. Isipokuwa yule mama ameniuliza kama saa za Ulaya hupungua zikipanda mlima. Nikacheka peke yangu.

Jumanne, 4 Septemba

Sasa naona mwenyewe. Kivuli kinachelewa kufika kwenye jiwe la saa nne, halafu kikishafika hakikai, kinakimbilia jiwe la saa sita kama kinaitwa na mkwe. Zamu ya Nathanaeli imekuwa ndefu kama mahubiri. Ya Mama Veneranda unaweza kuchemsha chai, ukainywa, imekwisha.

Saa sita napo siwezi kumwongezea. Mzee Eliamini anakuja na jembe lake, anatazama juu, anasema, "Nahodha, bado?" Tumbo la yule mzee halikosei saa sita.

Nimewaza nimepata jibu. Kuna mtu anahamisha jiwe langu. Nani anafaidika jiwe likisogea? Nathanaeli.

Jumanne, 18 Septemba

Maua ya maharage yanadondoka. Mama Veneranda ameyaokota kwenye kanga akaja kunionyesha. Alifungua ile kanga, akaikunja, akaondoka. Angenitukana ningejua la kujibu.

Nathanaeli akapita nyuma yake. "Saa yako inasemaje leo, Nahodha?"

"Inasema wezi wako karibu."

"Ya Ulaya kweli hiyo," akasema, akaenda.

Siwezi kumshitaki. Nikisema amehamisha jiwe nitaulizwa jiwe la nini, na saa ya kazi gani. Ijumaa nitamvizia.

Ijumaa, 21 Septemba

Leo nimeandika mpaka mkono umeuma, lakini lazima.

Saa mbili nilizibua maji, nikajifanya nakwenda kukata majani ya mbuzi. Nikazunguka, nikajilaza kwenye vichaka juu ya mfereji, mahali ambapo naiona fimbo yangu na shamba la Nathanaeli kwa pamoja. Sisimizi walinitambua mapema kuliko adui. Nikavumilia.

Nathanaeli hakuigusa fimbo. Hata kuitazama hakuitazama. Alimwagilia matuta yake yakajaa. Kisha akasimama, akatazama huku, akatazama kule, kama kweli ni mwizi. Nikajiambia: sasa. Akachukua jembe, akatoboa ukingo wa chini wa shamba lake, na maji ya zamu yake yakaanza kuteremka pole pole kwenda kwenye maharage ya Mama Veneranda.

Nikatoka kichakani na majani kichwani.

"Unafanya nini, bwana?"

Akashtuka mpaka jembe likamponyoka. "Na wewe unafanya nini humo?"

"Nimeuliza kwanza."

Akakaa ukingoni, akafuta jasho. "Wiki ya sita hii nafanya. Saa yako inanipa maji mengi kuliko haki yangu. Nilijua tangu Agosti, matuta yangu yanajaa na wewe bado umekaa. Nikasema huyu ananipendelea, anataka nimwoze mdogo wangu."

"Mdogo wako?"

"Sasa ningefikiria nini? Kukuumbua mbele ya kamati sikutaka, una mdomo lakini si mtu mbaya. Kunywa maji ya mjane nako sikuweza. Ndiyo nikatoboa hapa, kimyakimya. Ila hayatoshi, yanapotelea njiani kwenye mchanga."

Kwa hiyo maharage yaliyobaki hai yako hai kwa sababu ya mtu niliyekuwa namwita mwizi. Nilitaka kumwambia yote palepale. Nikafungua mdomo, ikatoka hii: "Mdogo wako simtaki, anakoroma." Akacheka sana. Mimi nikacheka kidogo.

Baadaye nikapima. Tarehe tatu Julai nilipima kwa nyayo zangu kutoka fimbo hadi jiwe, na bado ni nyayo zilezile. Jiwe halijasogea hata ukucha. Basi kimesogea nini? Ni mimi, fimbo, jiwe na jua. Watatu wa kwanza tupo palepale.

Ijumaa, 28 Septemba

Sina hamu ya kuandika.

Jumanne, 2 Oktoba

Leo saa sita fimbo haikuwa na kivuli kabisa. Nimeizunguka mara tatu kama mtu aliyepoteza ufunguo. Mama Veneranda nimempa maji kwa kubahatisha, nusu saa labda. Mzee Eliamini akaniuliza nimedondosha nini.

Ijumaa, 5 Oktoba

Mawingu tena, nimekadiria. Nashukuru mawingu, na mimi ndiye niliyekuwa nayatukana.

Jumanne, 9 Oktoba

Kivuli hakikuja.

Saa mbili nimezibua. Nathanaeli amemwagilia. Nimekaa kando ya fimbo kama anayesubiri lori. Kivuli kilikuwa magharibi, kikawa kifupi, kikazidi kuwa kifupi, jiwe la saa nne linakingoja upande wa kusini, nacho hakina habari. Mama Veneranda amekaa mdomoni mwa mfereji wake, jembe magotini. Akaniita mara moja: "Nahodha, bado?" Nikainua mkono nikaitazama ile maiti. "Bado, mama." Kila mara nilisema sasa kitageuka. Nikiangalia tena, kile kijivuli kimetokezea upande wa kaskazini. Kaskazini. Kimeniruka, kimelipa jiwe langu mgongo.

Na Mzee Eliamini huyo, na jembe lake, anatazama utosini. "Saa sita. Zamu yangu."

Mama Veneranda akasimama. "Zamu yangu haijaanza, mzee."

"Saa sita, Veneranda."

"Muulize mwenye saa."

Wote wawili wakanigeukia, na Nathanaeli naye juu kule ameegemea jembe. Ningeweza kusema kweli. Nimesema, "Saa sita kamili." Sauti ilikuwa yangu, niliisikia.

Mama Veneranda hakubisha. Katika watu wote wa Suji, yule ndiye aliyeniamini mimi kuliko jua lililokuwa juu ya kichwa chake. Alikung'uta gauni, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Basi nitamwandikia kaka yangu anishushe." Akateremka, hakupata hata tone.

Jioni nimepita shambani kwake. Vijiganda vipo, vidogo, vimejikunja kama vidole vya baridi. Vikikosa maji Ijumaa, basi.

Saa nimeivua. Mkono una alama nyeupe.

Jumatano, 10 Oktoba

Baada ya masomo nimekwenda kwa Mwalimu Yudith. Alikuwa uani anapika. Nikamsimulia yote: saa, spring, fimbo, mawe, maua kwenye kanga. Nilidhani atanicheka au atanifukuza. Akaniuliza kitu cha ajabu: "Kivuli kilihamia kaskazini tarehe ngapi?"

"Jana nimekiona. Wiki iliyopita hakikuwepo."

"Sifael, wewe umegundua jambo na unaliita balaa."

Akachukua boga dogo, akalipitisha spoku ya baiskeli toka juu hadi chini. Akabandika punje ya harage chini kidogo ya kiuno cha boga: hapa Suji. Jiko lenye moto ndilo jua. Akaniambia nilitembeze boga kulizunguka jiko, huku nikilipindua kwenye spoku yake. Nikazunguka nimeisimamisha spoku wima kama mlingoti.

"Wima hapana. Dunia imeinama." Akailaza kidogo. "Nyuzi ishirini na tatu na nusu. Ncha ya juu itazame paa la ghala. Sasa zunguka, na popote utakapofika, ncha iendelee kutazama ghala."

Mzunguko wa kwanza nilikosea, kila hatua nilikuwa nalielekeza boga kwenye moto kama mtu anayeota baridi. Akanirekebisha. Wa pili nikaona. Upande wa mlango, kichwa cha boga kimeinamia moto, na moto unaiangalia punje yangu kutoka kaskazini: Juni na Julai, kivuli kinaanguka kusini. Upande wa pili wa jiko, kichwa kimejitenga na moto, miguu ndiyo imeusogelea: Desemba, kivuli kaskazini. Na katikati ya safari kuna mahali moto unaipiga punje utosini, mara mbili kwa mwaka. Tarehe mbili Oktoba nilikuwa nimesimama mahali hapo bila kujua, natafuta kivuli chini ya miguu.

Jua halikunisaliti. Mawe yangu yalikuwa kweli, ila kweli ya Julai. Ulimwengu mzima ukaendelea na safari yake, mimi nikabaki na Julai.

Nikauliza kama tumeinama peke yetu. Akasema kila sayari na lake. Mirihi imeinama karibu kama sisi, ina misimu. Zohali vilevile, imezidi kidogo. Mshtarii imesimama wima karibu kabisa, nyuzi tatu tu. Nikasema huyo ni mzee wa kanisa, hana kiangazi wala masika, anakula makande yaleyale mwaka mzima. Zuhura imepinduka, kichwa chini miguu juu, jua lake linachomoza magharibi. Na Uranus imelala ubavu kabisa, kama mlevi barabarani, ncha yake moja inakaa juani miaka arobaini na miwili, kisha gizani miaka arobaini na miwili.

"Nathanaeli angekuwa na shamba Uranus," nikasema, "Mama Veneranda angepokea zamu akiwa mifupa."

Mwalimu akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akasema, "Kumbe ulikuwa unajua siku zote. Wewe ndiye uliyeona Ulaya jua linazama saa kumi. Ni mwinamo huuhuu, kule unauma zaidi."

Nikageuza boga mkononi.

Dawa yake ni hii. Fimbo ya wima hudanganywa na mwinamo. Fimbo ikilazwa sambamba na spoku ya dunia haidanganywi, maana dunia inajipindua kuizunguka spoku hiyo, sawasawa, nyuzi kumi na tano kila saa, Julai na Oktoba. Na sisi hapa karibu na ikweta, spoku kwetu imelala karibu chali. Nguzo ilazwe kaskazini kusini juu ya miti miwili yenye panda, ncha ya kusini inyanyuliwe kidogo tu. Akaniazima kipimapembe kikubwa cha mbao cha ubaoni.

"Lakini kusini kamili utaijuaje?" akauliza.

Hapo nikamjibu haraka. Jiwe la saa sita. Halikukosea hata siku moja.

Ijumaa, 12 Oktoba

Leo ilikuwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kusafisha mfereji. Pembe ilipulizwa mapema, watu wakaja na majembe. Kabla hawajaanza nikapanda juu ya ukingo wa ndiva. Nilikuwa nimeandaa utani wa aina tatu wa kufungulia. Ukakimbia wote.

Nikasema: saa yangu imekufa tangu tarehe kumi na saba Julai. Nimekuwa nikisoma kivuli na kuwadanganya kwa mkono. Kivuli kilihama, sikujua. Mama Veneranda amepoteza maji yake kwa ajili yangu, shamba lake likifa nimeliua mimi.

Wa kwanza kusema alikuwa Nathanaeli: "Kwa hiyo miezi mitatu tumekuwa tunaiuliza maiti saa ngapi."

Watu wakacheka, na kile kicheko kilikuwa kigumu kuliko matusi, lakini kilifungua njia. Mzee Eliamini akapandisha mkono. Akasema mlinzi anayeharibu zamu huondolewa, na hutoa mbuzi. Nikamwambia mbuzi sina. Yule wa majani nilimtunga.

Mama Veneranda akasimama. Alikuwa amefunga kanga kiunoni kikazi.

"Aondolewe aje nani?" akasema. "Huyo mpya atatazama nini? Saa hatuna. Huyu ameshakosea vya kutosha, sasa anajua. Mwacheni hapo, ila yale matope ya chini ya ndiva ayatoe yeye."

"Yote?" nikauliza.

"Unayo saa ya kupimia, Nahodha?"

Ikapitishwa. Kamati ikasema pia kwamba msimu huu, kwa yaliyotokea, Ijumaa ya leo na Jumanne ijayo maji yote ya asubuhi ni ya Mama Veneranda. Nathanaeli ndiye aliyependekeza, akiwa ameinama anafunga kamba ya kiatu ili asitazamwe. Lakini juu ya sheria ya misimu miwili Mzee Eliamini hakulegeza: asipovuna, zamu inaondoka. Akasema sheria ikianza kuhurumia haitajua pa kuishia.

Tukailaza nguzo. Nathanaeli alikata panda mbili, Mwalimu akapima, mimi nikashika ncha nikitoa maagizo ambayo hakuna aliyeyafuata. Chini tukachora mistari kwa mawe, ya saa mbili, saa nne, saa sita, inakwenda kaskazini kusini kama matuta. Sasa kivuli kikitaka kihamie kaskazini, kikitaka kihamie kusini, kitateleza juu ya mstari uleule. Mzee Eliamini alisimama juani mpaka tumbo lake liliposema saa sita. Kivuli kikafika kwenye mstari. Akaitikia kwa kichwa, akachukua jembe.

Maji ya Mama Veneranda yalifika tuta la nane.

Jumanne, 16 Oktoba

Maji tuta la nane tena. Matope madebe arobaini na moja. Mgongo sina.

Ijumaa, 19 Oktoba

Zamu ya kawaida, saa nne mpaka saa sita. Maji tuta la sita. Matope. Nathanaeli amekuja na beleshi lake, akasema alikuwa anapita tu. Alipita mpaka jioni.

Ijumaa, 26 Oktoba

Usiku mvua ya vuli. Ndogo, lakini ya kweli. Vijiganda vimenyoosha vidole.

Jumanne, 6 Novemba

Maganda yanakuwa manjano. Kivuli kimekwenda kaskazini kwa raha zake, na bado kinafika kwenye mstari. Watoto wa shule wameletwa kuangalia. Nimewaeleza Uranus, wamepiga kelele.

Jumanne, 13 Novemba

Mama Veneranda amevuna. Tulipigapiga maharage kwa fimbo, ileile yangu, imepata kazi inayoiweza. Madebe matatu na nusu. Si mavuno ya kuita ndugu, lakini Mzee Eliamini alikuja mwenyewe, akatia mkono kwenye debe mpaka kiwikoni, akasema, "Zamu yako ipo, Veneranda." Akageuka akaenda zake.

Yule mama alikaa kwenye kizingiti. Nilidhani atalia. Akasema, "Kaka yangu akipangishe kile chumba."

Jioni tumekula makande kwake, mimi, Nathanaeli na Mwalimu Yudith. Nathanaeli akauliza kama kweli mdogo wake anakoroma. Nikasema nilikuwa nimejificha kichakani, mtu wa kichakani haaminiki. Wakati wa kuondoka Mama Veneranda akanijazia kibuyu kile kilichokuwa kitupu Agosti.

"Mbegu ya kwako," akasema. "Chukua, mtu wa bahati. Mungu alikutoa kwenye mameli yote yale akurudishe hapa."

Nikachukua. Njia nzima kibuyu kilikuwa kizito kuliko matope.

Jumapili, 18 Novemba

Kesho narudisha daftari. Mwalimu Yudith ameniomba nisimame mbele ya darasa la saba niwaeleze jua la Hamburg nililoliona kwa macho yangu, ili waelewe mwinamo. Nimesema nitafika.

Nimepitia kurasa zote, zile nilizosema nitazichana zipo zote. Umebaki ule wa kwanza, na siwezi kusimama mbele ya watoto wa watu na ule.

Mwalimu, sijawahi kupanda meli. Miaka yote sita nilikata mkonge, na meli niliziona kwa mbali kutoka juu ya lori siku tukipeleka mzigo Tanga. Habari za jua la Ulaya nilisimuliwa kambini na mwenzangu Swalehe, aliyewahi kuwa mpishi melini. Saa niliipata mnada wa Same, nikatoa beberu, na beberu alikuwa mzima kuliko saa. Hakuna Mgiriki aliyeninyooshea kidole. Bahati niliyoiandika tarehe moja Julai ilikuwa uongo.